Mratibu kwanza, kinanda baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na wachungaji, wazee wa kanisa na walezi wa vijana wanaoendesha, au wanaotaka kuanzisha, vipindi vya muziki kwa watoto baada ya saa za masomo.

Mara nyingi mambo huanza hivi: kanisa linachangisha fedha, linanunua kinanda, magitaa na spika, kisha linamtafuta kijana anayejua kupiga na kumkabidhi watoto. Mwezi wa kwanza chumba kinajaa. Muhula ukiisha, nusu ya magitaa hayana nyuzi kamili, kila mwalimu anafundisha kwa namna yake, na waliobaki ni wale wale ambao tayari walikuwa wakiimba kanisani. Wanalaumiwa watoto wa siku hizi kwamba hawana subira. Ukichunguza utakuta hakuna mtu hata mmoja aliyepewa kazi ya kuwaunganisha walimu, nyimbo, vyombo, ratiba na wazazi. Mratibu hakuwepo, na fedha ambazo zingemwezesha ziliishia kwenye kinanda.

Maandiko yenyewe hayakulidharau jambo hili. Kitabu cha 1 Mambo ya Nyakati, sura ya 15, kinamtaja Kenania, mkuu wa Walawi, aliyesimamia uimbaji na kuufundisha kwa kuwa alikuwa mstadi. Sura ya 25 inawahesabu waimbaji 288, wamegawanywa zamu 24, kila zamu watu 12, na kura ikapigwa kwa wote, mdogo kwa mkubwa, mwalimu kwa mwanafunzi. Hapo pana ratiba, daftari la majina na mgawanyo wa kazi. Anayedhani uratibu ni mambo ya ofisini yasiyo na uzito wa kiroho aisome tena sura hiyo.

Kazi ya kwanza ya mratibu ni kupata jibu la maandishi kwa swali moja: je, hiki ni kipindi cha elimu ya muziki, au ni mazoezi ya kwaya ya watoto? Vyote viwili ni vyema, ila vinahitaji saa tofauti. Jibu lisipokuwepo, kwaya hula elimu. Leo unaombwa wimbo wa Jumapili, wiki ijayo wimbo wa kumpokea mgeni, baadaye wa harusi, na kila mara watoto wanakaririshwa haraka haraka ili siku isiharibike. Mtoto anaweza kujua nyimbo thelathini kwa kukariri na bado asiweze kuanzisha hata mmoja peke yake. Makubaliano ninayoyapendekeza ni haya: kipindi kiimbe ibadani mara moja kwa mwezi, mratibu apewe taarifa wiki sita kabla, na mazoezi mawili ya mwisho kabla ya siku yenyewe yasiingize neno wala noti mpya. Nyimbo za Krismasi zianze wiki nane hadi kumi kabla, yaani mapema kuliko majira ya Majilio yenyewe, la sivyo sauti ya pili haitakaa.

Mratibu huyo huyo aweke kalenda tatu mezani kwa pamoja: ya shule, ya kanisa na ya walimu wake. Wiki za mitihani apunguze vipindi viwe kimoja, cha kuimba tu, bila kazi ya nyumbani. Anayeshindana na mitihani huwapoteza wazazi, na mzazi akishamwondoa mtoto ni vigumu kumrudisha.

Dakika 90 mara mbili kwa wiki zinatosha kabisa zikipangwa. Dakika 15 za mwanzo ni za maji, kitu cha kula, mahudhurio na mazungumzo. Mtoto aliyekaa darasani tangu asubuhi na ana njaa hapokei noti. Muda huo vyombo vyote viwe vimefungiwa, kwani mkono wa kwanza ukigusa dramu hutaupata tena utulivu. Zifuate dakika 10 za kunyoosha mwili na kuamsha sauti, 15 za kusoma noti, 25 za vyombo kwa makundi, 20 za kuimba wote pamoja, na 5 za sala na kurudisha vyombo kwa namba. Kuimba pamoja kuwekwe mwishoni kwa sababu kunawarudisha kwenye mwili mmoja waliokuwa wametawanyika kwenye makundi, na mtoto anaondoka na wimbo mdomoni.

Sasa niingie ndani kidogo, kwenye karatasi ya wimbo, kwa sababu hapo ndipo uratibu unapoonekana au kukosekana. Chukua kituo chenye walimu watatu wa kujitolea. Jumanne mmoja anafundisha wimbo kwa ufunguo wa G, yaani G ndiyo sauti ya msingi ya wimbo. Alhamisi mwenzake anaupandisha hadi A kwa kuwa kinanda kinamkalia vizuri hapo. Wa kwanza anavuta pumzi katikati ya mstari, wa pili anaubeba mstari mzima. Ubeti wa pili una maneno mawili tofauti kwa kuwa kila mmoja ametumia kitabu chake cha nyimbo. Jumapili watoto wanasimama, nusu wanavuta pumzi, nusu wanaendelea, na ubeti wa pili unasambaratika. Watu watasema watoto hawakufanya mazoezi ya kutosha, kumbe wamefanya mazoezi ya nyimbo mbili zenye jina moja.

Dawa yake ni ukurasa mmoja kwa kila wimbo. Uandikwe jina la wimbo, maneno yote ya kila ubeti, ufunguo, sauti ya kuanzia kwa kila kundi, mwendo kwa hesabu (kwa mfano mapigo 76 kwa dakika), alama ya mkwaju (/) mahali pa kuvuta pumzi, kodi za gitaa (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) juu ya silabi zinapobadilikia, jina la mwalimu aliyeufundisha kwanza na tarehe. Ruhusa ya kubadili kitu iwe ya mratibu peke yake. Akibadilisha, nakala za zamani zikusanywe zote siku hiyo hiyo, kwani nakala moja iliyosahaulika kwenye mkoba wa mpiga gitaa inatosha kuleta vurugu. Kabla karatasi haijachapwa, mchungaji au katekista ayapitie maneno: mtoto anashika mafundisho ya imani kwa wimbo mapema kuliko kwa mahubiri, na neno gumu lielezwe siku ya kwanza ya kuufundisha wimbo, lisingojee wamekwisha kulikariri.

Kuhusu kusoma noti, ushauri wangu ni kuanza na solfa, yaani kuimba noti kwa majina do, re, mi, tena solfa ya do inayohama, ambayo do hufuata ufunguo wa wimbo. Sarah Glover, mwalimu wa Norwich huko Uingereza, ndiye aliyeweka msingi wake, na John Curwen, mchungaji, akauendeleza baada ya mkutano wa walimu wa shule ya Jumapili mwaka 1841 kumtwika kazi ya kutafuta njia rahisi ya kufundisha uimbaji. Kwa hiyo mfumo huu ulizaliwa kwa ajili ya watoto hawa hawa, wasio na piano nyumbani na wenye muda mchache. Hauhitaji karatasi yenye mistari mitano. Nukta mbili hutenganisha mapigo, mstari wa wima husimama mbele ya pigo zito, nukta moja hukata pigo nusu kwa nusu, na kistari huamuru sauti iendelee kushikwa. Kinachoandikwa mtoto anaweza kukinakili kwenye daftari lake la kawaida.

Usianze na do, re, mi kwa mfuatano kama ngazi. Anza na so na mi, nafasi ambayo watoto huiimba bila kufundishwa wanapoitana uwanjani. Kaa hapo vipindi viwili au vitatu. Ongeza la, kisha do, kisha re. Fa na ti zije mwisho kwa kuwa nusu hatua, ule umbali mdogo kabisa kati ya noti mbili, ndiyo inayowapotosha. Tumia ishara za mkono: do ni ngumi, mi ni kiganja kilicholala kikitazama chini, so ni kiganja kikielekea kifuani, la ni mkono unaoning'inia kutoka kifundoni. Mkono upande na kushuka kweli kweli, do usawa wa kiuno na do ya juu usawa wa paji la uso, ili jicho lilisaidie sikio. Mwalimu anayefanya ishara zote usawa wa kifua amewaondolea watoto nusu ya faida.

Hapa huharibika mambo mawili. La kwanza, watoto wanasoma majina ya noti kwa sauti ya kuongea, wanayajua vizuri, lakini hawaimbi. Kila jina lazima litoke likiwa na sauti yake tangu siku ya kwanza. La pili ni la uratibu: mwalimu wa uimbaji anasema do ni G leo na F kesho, wakati mwalimu wa kinanda amezoea kwamba do ni C daima. Mtoto anayewasikiliza wote wawili anachanganyikiwa na kudhani yeye ndiye mzito. Mratibu akubaliane na walimu wote kabla ya muhula kufunguliwa: majina ya solfa ni ya uimbaji na yanahama, majina ya herufi ni ya vyombo na hayahami.

Kwenye sauti za watoto ndiko kunakofanyika makosa mengi kuliko kwingine kote. Watu wazima hupenda kuanzisha wimbo chini, panapowafaa wao. Mtoto wa miaka sita hadi minane huimba kwa raha kuanzia D iliyo juu tu ya C ya katikati ya kinanda hadi A iliyo juu yake. Wa miaka tisa hadi kumi na mmoja anaweza kushuka hadi C ya katikati na kupanda hadi D au E ya juu. Wimbo ukianzishwa kwenye A iliyo chini ya C ya katikati, mtoto hulazimika kunguruma kwa sauti ya kuongea, na akishazoea hivyo anapiga kelele kila wimbo unapopanda. Mwalimu mwanamume ana shida ya ziada: sauti yake iko oktava nzima (noti nane) chini, na watoto wadogo hujaribu kuifuata huko huko. Atumie kinanda kutoa mfano, au amwombe mwalimu mwanamke, au mtoto mmoja anayeshika sauti vizuri. Na akishatoa mfano, anyamaze. Mwalimu anayeimba pamoja na watoto muda wote hasikii ni nani amepotea.

Kuna mtoto anayeitwa asiyejua kuimba. Asiambiwe ainamishe kichwa na kuchezesha midomo tu, kwa maana neno hilo litamkaa maisha yake yote. Kwa kawaida anaimba sauti yake kwa uthabiti, ila si ile uliyompa. Mfuate alipo: aimbe sauti yoyote inayomjia, mwalimu aiguse kwenye kinanda na kuimba naye hapo hapo mpaka ahisi zimelingana, kisha mpande pamoja hatua moja, halafu nyingine. Dakika tatu kila kipindi, kwa upole, pembeni lakini machoni pa watu, na wengi hufunguka kabla muhula haujaisha. Ukimweka katikati ya wawili walio imara badala ya mwisho wa mstari, atafunguka upesi zaidi.

Kisha wapo wavulana wa miaka 12 hadi 15. Kongomeo linakua, nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa, na sauti inashuka karibu oktava nzima, mara nyingine katika miezi michache. Huu ndio umri ambao vituo huwapoteza wavulana, na hawaondoki kwa kuuchukia muziki. Wanaondoka kwa sababu hakuna mstari wowote kwenye karatasi unaoingia kwenye koo lao: alto iko juu, besi iko chini, na katikati wanacheka wenzao. Mratibu awaandikie mstari wao, wenye noti tano au sita tu, kati ya F iliyo chini ya C ya katikati na C yenyewe au D. Mara nyingi do na so za wimbo zikishikwa kwa muda mrefu zinatosha kuwa mstari mzuri. Kila baada ya wiki sita apime upya: kijana ahesabu kwa sauti ya kawaida, mwalimu aitafute sauti hiyo kwenye kinanda, na kutoka hapo waone ashuke hadi wapi na apande hadi wapi bila kukaza shingo. Asilazimishwe besi kwa sababu ameota ndevu, wala asibakizwe soprano kwa sababu kwaya inamhitaji. Wasichana nao hubadilika, kwa kushuka kidogo tu, ila sauti hujaa pumzi kwa muda. Wasiambiwe waongeze nguvu.

Kwenye vyombo nitakuwa mfupi. Magitaa ya wanaoanza yawe ya nyuzi za nailoni, kwa kuwa za chuma zinakata vidole na mtoto anakata tamaa wiki ya pili. Wala usifunge nyuzi za chuma kwenye gitaa lililotengenezwa kwa nailoni: mvuto wake ni mkubwa zaidi, daraja litang'oka au shingo itapinda, na hilo hutokea sana pale anayenunua nyuzi anapotumwa bila maelezo. Watoto wawili kwa gitaa moja wanavumilika, mmoja akipiga na mwingine akitaja mabadiliko ya kodi, watatu hapana. Kutyuni magitaa kumi, yaani kulinganisha sauti za nyuzi zake, huchukua karibu nusu saa kwa asiye na kifaa cha kubana kwenye kichwa cha gitaa, kwa hiyo mwenye zamu afike mapema. Nyuzi mpya za nailoni hulegea kwa siku kadhaa, hivyo zisifungwe siku moja kabla ya kuimba.

Kila adapta ya kinanda iandikwe kwa wino usiofutika namba ya kinanda chake. Adapta mbili zinaweza kuwa na kichwa kinachofanana huku moja ikitoa volti 9 na nyingine 12, au chanya na hasi zikiwa zimegeuzwa, na kinanda kikaungua kwa sekunde moja. Rekoda na vyombo vingine vya kupuliza visipokezanwe mdomo kwa mdomo. Kila mtoto awe na yake yenye jina, au zioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni na kukauka kabla ya kubadilisha mikono. Wanaojifunza dramu waanze kwenye vipande vya mpira. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inapendekeza mfanyakazi asizidi desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu, hivi kwamba kwenye desibeli 100 zinabaki dakika 15 tu. Dramu kamili ndani ya chumba kidogo hufika hapo bila shida, na masikio tunayozungumzia ni ya watoto.

Spika na maiki zimewafanya wengi waamini kwamba sauti ya watoto haitoshi. Chumbani hazihitajiki kabisa. Ibadani, watoto 30 wanatosheka na maiki mbili nyeti zilizosimamishwa juu na mbele yao, kama mita moja hivi, na miksa (mashine ya kuchanganya sauti za maiki) iwe na umeme wa volti 48 wa kuziendesha. Ukimpa kila mtoto maiki ya mkononi, kila idadi ya maiki zilizo wazi inapozidishwa mara mbili unapoteza desibeli 3 kabla ya spika kuanza kupiga mluzi. Spika zikae mbele ya maiki zikitazama watu. Unapowasha, anza na miksa na umalizie na amplifaya; unapozima, amplifaya kwanza. Anayekiuka utaratibu huo huunguza koni za spika kwa ule mshindo wa ghafla.

Usalama wa watoto usiachiwe imani kwamba sote ni ndugu katika Kristo. Somo la mtoto mmoja na mwalimu mmoja lifanyike mlango ukiwa wazi au wa kioo, na mtu mzima wa pili awe karibu, anaona. Mwalimu asirekebishe mgongo, kiuno wala tumbo la mtoto kwa mikono yake. Aonyeshe kwenye mwili wake mwenyewe. Ujumbe wa simu upite kwenye kundi la wazazi, usiende kwa mtoto faragha. Anayejitolea alete watu wawili wa kumdhamini na afundishe pamoja na mwenzake miezi mitatu ya mwanzo, hata akiwa mpigaji hodari kuliko wote, na hasa akiwa hivyo, kwa sababu kipaji huwafanya wakubwa waogope kuuliza maswali. Daftari la kutoka ni muhimu sawa na la kuingia: nani amemchukua mtoto, saa ngapi. Malalamiko yapokelewe na mtu mwingine asiye mratibu wala jamaa yake, na jina lake libandikwe mlangoni panapoonekana na watoto.

Fomu ya kujiunga iseme wazi kwamba nyimbo nyingi ni za ibada na kwamba kipindi hufungwa kwa sala. Watoto wa imani nyingine huja, na wanakaribishwa, lakini mzazi anastahili kujua kabla, asije akasikia kutoka kwa jirani. Fomu hiyo hiyo iulize kuhusu pumu, mzio, kifafa na ruhusa ya picha.

Jambo moja husahaulika karibu kila mahali: haki za nyimbo. Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, unalinda kazi ya mtunzi kwa angalau miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimefikisha 70. Wengi hudhani wimbo wa zamani ni huru moja kwa moja. Wimbo waweza kuwa huru huku tafsiri yake, au mpangilio wa sauti nne uliopo kwenye kitabu chenu, bado una mwenyewe. Ruhusa ya kuimba ibadani haimaanishi ruhusa ya kudurufu nakala arobaini, wala ya kurusha video mtandaoni. Mratibu aandike nyuma ya kila karatasi ya wimbo jina la mtunzi, mfasiri na mpangaji, na barua ya ruhusa kama ipo.

Nikirudi kwa wazee wa kanisa: barua ya uteuzi wa mratibu itaje saa zake kwa wiki, posho yake, na mamlaka ya kukataa ombi la wimbo lililokuja kwa kuchelewa, bila kujali limetoka kwa nani. Itaje kiasi cha fedha alichonacho bila kupitia kikao, kwa ajili ya nyuzi, betri na kudurufu karatasi. Kwa maoni yangu, angalau robo ya bajeti ya mwaka iende kwenye matengenezo, na isiguswe kununua chombo kipya hata kinapouzwa kwa bei nafuu. Posho za walimu zitangulie spika ya pili. Awepo msaidizi tangu mwezi wa kwanza, anayejua ratiba na kuhudhuria vikao, kwa kuwa waratibu huhama, huolewa, huajiriwa kwingine. Faili la kituo liwe na karatasi zote za nyimbo, daftari la mahudhurio, orodha ya vyombo kwa namba na hali yake, vipimo vya sauti vya kila mtoto, fomu za wazazi na majina ya wadhamini wa walimu. Siku ya kuondoka, faili na funguo za stoo zikabidhiwe kwa mrithi wake mbele ya katibu wa kanisa, vyombo vihesabiwe kimoja kimoja, na wote watatu wasaini.

Wako katika huduma,

Mwalimu wa muziki wa vijana